NYUMBA HII NI IPI? Namna ya kutambua majengo ya zamani katika picha



Katika bulletini iliyotangulia tuliweka mchoro wa nyumba moja ndefu, na chini yake tuliandika: "Kanisa la kwanza la Masisi." Leo tunakuja kusema wazi kwamba tulikosa. Ile nyumba haikuwa kanisa, na tunafikiri haikuwa Masisi-centre hata kidogo. Tunaomba msamaha. Lakini hatutaki kuomba msamaha na kunyamaza tu. Tunataka kueleza namna tulivyokosa, na namna mtu anavyoweza kutambua nyumba ya zamani katika picha bila kuanguka kama sisi.

Labda mtauliza: kosa la mchoro mmoja ni kitu gani? Sikieni. Kiisha bulletini kutoka, baba mmoja aliichukua akaenda nayo kwenye mazungumzo ya mpaka wa kiwanja. Akasema: "Muone, hata watoto wa masomo wameandika, kanisa lilisimama hapa!" Wengine wakajibu kwa hasira. Wazee waliwatuliza, lakini sisi tuliogopa sana.

Katika Masisi na Walikale jina lililoandikwa chini ya picha si mchezo. Watu wetu wengi walikimbia makwao tangu vita ya mwaka 1993 iliyoanzia Ntoto, wakarudi, wakakimbia tena. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-centre na kiisha Walikale-centre. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na blanketi. Albamu ya picha inabaki nyumbani, inaungua ao inaoza. Kwa hiyo picha chache zilizobaki zinakuwa kama mashahidi. Na shahidi akisema uongo, kuna mtu atakayepoteza haki yake.

TULIKOSA NAMNA GANI?

Picha yenyewe ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo, na kingo zake ni nyeupe. Nyuma yake kuna neno moja tu: "Masisi." Mbele ya nyumba kuna rimu ya gari inayoning'inia kwenye mti, na watu wengi wamesimama. Sisi tukasema: rimu ni kengele, watu wengi ni waamini, na neno Masisi liko. Basi, ni kanisa la Masisi! Hatukuuliza mtu.

Kiisha mama mmoja mzee alitazama ile picha yenyewe, si mchoro wetu. Akacheka kidogo, akatuambia: "Wanangu, mbele ya kanisa watu hawasimame namna hii. Muone hawa mama, kila mmoja na mtoto mgongoni, wako mustari mumoja kwenye barza. Na ile dirisha ndogo ni ya kutolea dawa. Hii ni dispanseri." Tukaangalia tena. Ilikuwa kweli. Mustari wa wamama ulikuwa pale siku zote, lakini tulipochora tuliuacha sababu ulikuwa mgumu kuchora. Tuliacha kitu kile kile ambacho kingetufundisha.

Halafu akauliza: "Na milima iko wapi?" Hapo tulinyamaza. Kila mtu aliyefika Masisi-centre anajua kwamba milima inazunguka pande zote. Katika picha hakuna mlima hata mmoja. Nyuma ya nyumba kuna miti mirefu ya msitu, imesimama kama ukuta, na jiko la nje limeezekwa kwa majani mapana kama yale ya mangongo. Ile ni sura ya bonde la msitu, kama upande wa Walikale kwenye mto Lowa. Si sura ya milima yenye majani ya ng'ombe.

Basi, neno "Masisi" lilifika namna gani nyuma ya picha? Jina la mahali nyuma ya picha linaweza kuwa na maana nyingi. Masisi ni teritware nzima, na tena ni jina la centre. Walikale vile vile. Mtu anaweza kuandika jina la mahali alipokaa, ao mahali alipopeleka picha, si mahali ilipopigwa. Tangu siku ile tunasema: neno la nyuma ya picha ni shahidi mmoja, si hakimu.

1. ANGALIA KWANZA, TAJA JINA NYUMA

Ukipata picha, usiulize upesi "ni wapi?" Chukua karatasi na uandike kila kitu unachoona, hata kama ni kidogo: milango mingapi, madirisha mangapi, nguzo ngapi za barza, ngazi, bomba la maji, njia, miti, watu wanafanya nini, wamevaa nini, wanatazama wapi. Mwenzako aandike yake peke yake, kiisha mulinganishe. Sisi tulipofanya hivyo na ile picha, mmoja alihesabu madirisha 6, mwingine 7. La saba ndilo lile dogo la dawa.

Angalia pia kama picha haikugeuzwa. Zamani fundi aliweza kuweka negativu upande usiofaa, na kila kitu kinatoka kama katika kioo: mlango wa kuume unakuwa wa kushoto. Tafuta maandishi, sababu herufi zilizogeuka hazifichiki. Kama hakuna maandishi, tazama shati la mwanaume. Vifungo vinakaa upande wake wa kuume. Vikiwa upande wa kushoto kwa wanaume wote, geuza picha.

2. MLIMA HAUHAMI

Paa linabadilishwa, ukuta unapakwa rangi, mti unakatwa. Lakini mlima unabaki. Ndiyo maana kwa picha za Masisi kitu cha kwanza cha kutafuta ni mustari wa milima kwenye mbingu. Uchore kwenye karatasi nyepesi. Kiisha uende na karatasi yako na utembee mpaka mustari wa karatasi na mustari wa milima vilingane. Chagua vitu viwili vinavyofuatana katika picha, kwa mfano pembe ya nyumba iliyo chini kabisa ya bonde fulani. Ukisogea hatua chache upande wa kushoto ao wa kuume, vitu hivyo vinaachana. Vikikutana tena, unasimama karibu sana na mahali mpiga picha aliposimama.

Katika msitu wa Walikale kazi hiyo ni ngumu zaidi, maana miti inaficha. Huko tunasaidiwa na mto, daraja, na mahali njia inapopinda. Kuhusu miti tujihadhari: mikaratusi inakua upesi. Kilima kitupu katika picha kinaweza kuwa kile kile ambacho kiisha miaka kumi na tano kimejaa miti mirefu.

3. MWILI WA NYUMBA NA NGUO ZAKE

Tunaweza kusema nyumba ina mwili na nguo. Nguo ni paa, rangi, milango na vioo. Mwili ni msingi, kuta, nafasi za madirisha na kipimo cha urefu kwa upana. Nyumba nyingi zilianza na majani, zikapata manjanja nyuma, na vita ilipopita manjanja yakaibwa, yakawekwa mengine. Mtu akisema "si ile nyumba, sababu ile ilikuwa na majani," usikubali upesi. Hesabu nafasi za madirisha. Mara nyingi dirisha la zamani lililozibwa linaonekana bado ukutani, maana matofali yake hayafungani vizuri na yale mengine.

Majengo yetu ya Waprotestanti yana jambo lingine la kujua. Wakati wa Wabeljiji, masomo ya Waprotestanti yalianza kupata ruzuku ya serikali mwaka 1948 tu, lakini masomo ya misioni za Wakatoliki yalisaidiwa mbele ya hapo. Kwa hiyo ukiona jengo kubwa la matofali la masomo ya Kiprotestanti, uliza kwanza kama si la miaka ile ya 1950. Hiyo si sheria. Ni swali zuri la kuanzia.

4. MAANDISHI NA BENDERA

Kibao kilicho juu ya mlango kinaweza kukupa miaka karibu kama kalenda. Tunaandika hapa yale yanayosaidia kwetu:

- "Zone de Masisi" ao "Zone de Walikale": ni wakati wa Mobutu. Wakati ule teritware ziliitwa zone, na kiisha 1997 jina la teritware likarudi.
- "République du Zaïre": kati ya mwezi wa kumi 1971 na mwezi wa tano 1997.
- "Région du Kivu": wakati wa Zaïre, mbele ya mwaka 1988, maana mwaka ule Kivu iligawanywa kuwa Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema.
- "Costermansville": Bukavu iliitwa hivyo mpaka miaka ya 1950. Barua ao picha yenye jina hilo si ya wakati wa uhuru.
- "Communauté" mbele ya jina la kanisa letu: ni kutoka mwaka 1970, makanisa ya Kiprotestanti yalipounganishwa kuwa Kanisa la Kristo. Mbele ya hapo mara nyingi utaona neno "Mission."
- Kibao cha masomo kisicho na jina la kanisa: kinaweza kuwa cha kati ya mwisho wa 1974, serikali ilipotwaa masomo yote, na mwezi wa pili 1977, ilipopatana na makanisa kuyaendesha tena.

Bendera nayo inasema. Mbele ya 30 Juni 1960 ilikuwa ya bluu na nyota moja kubwa katikati. Kwenye uhuru ziliongezwa nyota ndogo 6 upande wa mti. Mwaka 1963 ikaja ile yenye mustari mwekundu wa kukata pembe kwa pembe. Mwaka 1971 ikaja ya kijani yenye mkono unaoshika mwenge. Mwaka 1997 ile ya nyota 6 ikarudi, na mwaka 2006 ikaja hii yenye mustari mwekundu. Muone mtego: ile ya 1960 na ya 1997 ni karibu mamoja, na ya miaka ya 1963 mpaka 1971 inafanana na ya 2006. Katika picha isiyo na rangi, bendera peke yake inaweza kukudanganya miaka 40. Itazame pamoja na nguo za watu na magari.

5. MAMBO MAKUBWA YENYE TAREHE

Kuna vitu vilivyotokea katika inchi yetu ambavyo havifichiki. Kati ya 1938 na 1940 volkano Nyamulagira ilitoa moto uliotiririka mpaka kwenye ziwa Kivu, upande wa Sake, karibu na ghuba ya Kabuno. Picha ya kando ya ziwa pale ikionyesha mawe meusi ya moto ule yanaingia majini, haiwezi kuwa ya mbele ya miaka ile.

Mokoto, teritware ya Masisi, Watrapisti wa kanisa Katoliki walianza monasteri yao mwaka 1954. Mtu akikuonyesha picha ya monasteri na kusema ni ya 1940, ujue mwaka umekosewa, ao nyumba ni nyingine.

Upande wa Walikale iko barabara ya lami ya Kilambo. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilitua juu ya barabara ile ile kuchukua madini ya Bisie. Picha ya ndege imesimama kati ya msitu juu ya lami, na watu wanapakia mifuko, inakuelekeza kule na miaka ile.

Na Goma, kwenye picha nyingi zinazoletwa kwetu, moto wa Nyiragongo wa mwezi wa kwanza 2002 ulifunika sehemu kubwa ya mji pamoja na kanisa kubwa la Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Picha ya kanisa lile likiwa zima ni ya mbele ya siku zile.

6. KIVULI

Hili tulisaidiwa na mwalimu wetu wa jeografia. Masisi na Walikale ziko karibu digri moja na nusu kusini ya ikweta. Kwa hiyo saa sita ya mchana jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwezi wa tisa linapita upande wa kaskazini, na kivuli kinaanguka kusini. Miezi mingine ni kinyume. Mwezi wa sita saa sita, ukuta wa metre 4 unatoa kivuli karibu metre 1 na sentimetre 80 upande wa kusini. Basi, ukiisha kuijua nyumba na kujua mlango wake unatazama wapi, kivuli kinaweza kukuambia nusu ya mwaka. Lakini usianze na kivuli. Kama hujui nyumba, hujui kaskazini.

7. KUULIZA WAZEE

Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi. Tukienda kwa mzee na kusema "Mzee, hii si kanisa la Masisi?" atasema ndiyo, sababu ya heshima, ao sababu macho yake yamechoka. Tumejifunza hivi:

Usitaje jina. Umpe picha, umwache ashike, anyamaze, aikaribishe kwenye mwanga. Uliza: "Mzee, unaona nini hapa?" Ungoje.

Usiulize mwaka. Watu wengi hawakuhesabu miaka kwa numero. Uliza: "Wakati huo ulikuwa umeshaoa? Ilikuwa mbele ya uhuru? Ilikuwa mbele ya kubadilisha majina ya wakati wa Mobutu?" Majibu hayo unaweza kuyageuza kuwa miaka.

Uliza kazi. Aliyebeba matofali, aliyefua nguo za wagonjwa, aliyepiga kengele, anakumbuka mlango ulikuwa upande gani kuliko mgeni aliyepita.

Uliza watu wawili ao watatu, kila mmoja peke yake, na wasiwe wa mlango mmoja. Wakipatana bila kusikilizana, jina lina nguvu. Wasipopatana, andika maneno ya wote. Si kazi yetu kuchagua mshindi.

8. KUANDIKA

Sasa tuna daftari lenye safu tatu. Safu ya kwanza: tunachoona. Ya pili: tulichoambiwa, na jina la aliyetuambia kama amekubali, na tarehe. Ya tatu: tunachofikiri. Tulipoandika "Kanisa la kwanza la Masisi" tulitupa safu ya tatu ndani ya safu ya kwanza. Hilo ndilo kosa lote, kwa maneno machache.

Nyuma ya picha tunaandika numero tu, kwa kreyo laini, bila kukandamiza. Hatutumii biki, maana wino unapita ao unakwaruza. Hatubandiki kwa gamu. Tunaweka picha ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na moshi wa jiko na unyevu wa ukuta. Mwenye simu anapiga picha ya mbele na ya nyuma pia. Kiisha tunamrudishia mwenyewe mali yake siku ile ile.

JINA LA MTU

Jambo la mwisho, na kwetu ni kubwa. Picha nyingi za inchi yetu ziko mbali, kwa jamaa za wamisionari na katika jumba kubwa la Tervuren, Ubeljiji, ambako zinalindwa hata zile zilizopigwa na wapiga picha wa serikali katika miaka ya 1950. Mara nyingi chini ya picha kama hizo unasoma jina la mzungu, na kiisha "fundi" ao "wenyeji" tu. Waliochoma matofali hawana jina.

Lakini haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1956, katika kijiji cha Wanyanga, Walikale, Daniel Biebuyck aliandikiwa hadithi ya Mwindo. Alipoitoa katika kitabu mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, jina la aliyeisimulia liliwekwa: Candi Rureke. Ni sababu hiyo leo tunajua hadithi ilitoka katika kinywa cha nani. Mustari mmoja tu wa wino umetosha.

Katika kitabu cha Yoshua tunasoma namna Waisraeli walivyosimamisha mawe 12 kutoka Yordani, ili watoto wakiuliza kesho, wazazi wapate kujibu. Mawe yenyewe hayasemi. Yanangoja mtu anayekumbuka. Picha ni vile vile, na wanaokumbuka wanapungua kila mwaka.

Basi, ile picha yetu sasa imeandikwa katika daftari hivi: "Tunaona: nyumba ya barza, wamama na watoto, dirisha dogo, msitu. Tumeambiwa: dispanseri. Tunafikiri: upande wa msitu wa Walikale. Jina la mahali: bado." Baba yule wa mpaka tulimwendea, tukamweleza kosa letu mbele ya wazee wale wale. Hakufurahi, lakini alitushika mkono.

Ombi letu kwenu, ndugu: anayekwenda likizo upande wa Walikale apite kwetu achukue nakala ya picha ile. Amwonyeshe bibi yake ao babu yake. Asitaje jina. Aulize tu: "Unaona nini hapa?" Kiisha atuletee jibu, hata kama jibu ni kwamba tumekosa tena.

Komite ya bulletini